Amri Iliyonenepa Njiani

Mama yangu alikuwa mwosha maiti. Kazi hiyo hakuajiriwa na hakuna aliyemteua. Alilima ufuta na mihogo kama kila mtu, akawa na mikorosho michache aliyoachiwa na bibi, lakini mwanamke akifa kijijini kwetu watu walikuja uani kumwita mama kabla hata hawajaenda kumwambia shehe. Alijifunga khanga kiunoni, akachukua ndoo yake na kopo la bati lenye mpini, akaondoka. Hakupenda kusindikizwa.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko kwenye mashamba yaliyo kati ya Nachingwea na Ruangwa, na hata ni upande gani wa mpaka wa wilaya sitasema, kwa sababu waliohusika bado wapo na wengine bado nasalimiana nao kwa tabasamu la bei rahisi. Mimi nilikwisha kuhamia Nachingwea mjini, nina cherehani kwenye kibaraza karibu na soko, nashona magauni ya sikukuu na sare za shule. Nyumbani nilikwenda wakati wa kupalilia, wakati wa kuokota korosho, na wakati wa misiba. Misiba ndiyo iliyonipeleka zaidi, kwa kuwa mama alitaka nijifunze kazi yake.

Alinifundisha kwa kunifanya nimshikie ndoo. Maji yawe vuguvugu, majani ya mkunazi yapondwe vizuri, uanze upande wa kulia. Hayo kila mwoshaji anayajua. Mama alikuwa na lake ambalo sijaliona kwa mwingine. Alimwomba ruhusa maiti. Kabla ya kugusa chochote alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi kwa jirani, "Shoga, naomba nikuoshe mkono." Akimaliza mkono, "Sasa naomba nikugeuze kidogo, unisamehe." Mwanzoni nilikuwa nabana kicheko. Siku moja nikamwuliza kwa nini anamwomba mtu asiyeweza kujibu.

"Ndiyo maana namwomba," alisema. "Anayeweza kujibu atanikataza mwenyewe. Huyu hana wa kumtetea. Nisipomwomba, nitamfanyia ninavyotaka."

Sanda yake aliinunua mwenyewe, baada ya mauzo ya ufuta ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri. Aliniletea kitambaa cha bafta mjini nikamkatia vipande vitano, akavikunja na karafuu maiti katikati, akaviweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila nilipokwenda nyumbani alilifungua, akakagua kama panya hawajaingia, akanikumbusha. "Mimi utaniosha wewe. Mganga hajigangi. Usimwachie mtu, na usisahau kuniomba." Nilimwahidi mara nyingi mpaka ahadi ikawa kama kuambiana usiku mwema. Ndiyo ahadi pekee aliyowahi kunidai.

Kipindupindu kilikuja na mvua za masika. Hilo silikatai, na sitaki mtu asome hapa akadhani nasema ugonjwa ulikuwa wa uongo. Walikufa watu. Alikufa muuza maandazi niliyemshonea mwanawe sare. Nikiwa kwenye cherehani nikasikia redioni kwamba mkuu wa wilaya ametangaza hali ya dharura, na kwamba wananchi watii maelekezo ya viongozi wao. Maelekezo yenyewe sikuyasikia. Mvua ilikuwa ikipiga bati na umeme ukakatika. Nilijisemea kwamba nitasikia baadaye. Niliagiza sabuni na dawa ya maji, nikampa kijana wa bodaboda ampelekee mama, nikaendelea kushona.

Darasani nilikuwa mzuri sana wa somo la uraia. Tulifundishwa kwamba anayetangaza hali ya hatari ni Rais peke yake, tena kwa sababu zilizoandikwa kwenye Katiba, na Bunge lazima liridhie, na ina mwisho wake. Niliyajibu hayo kwenye mtihani nikapata vema nyekundu. Hatukufundishwa habari za afisa tarafa, mtendaji wa kata wala mwenyekiti wa kitongoji. Nadhani mwalimu alifikiri hao hawana la kutangaza.

Habari ya kwanza mbaya ilikuwa kwamba mama amewekwa ndani. Niliacha nguo ya mteja kwenye sindano, nikapanda pikipiki mpaka ofisi ya kata. Barabarani walilaza mti kama kizuizi, na mgambo aliyekuwa hapo alininyunyizia viatu dawa akaniuliza naenda msiba wa nani. Nikamwambia siendi msibani, naenda kumtoa mama yangu. Akacheka, kisha akaona sicheki, akainua mti.

Nilimkuta mama chumba cha nyuma cha ofisi, amekaa kwenye benchi na ndoo yake miguuni. Mlango ulikuwa wazi. Haukuwa hata na kitasa, palipokuwa na kitasa palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo mtu angeweza kuona mbuzi wakila uani. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi na hakuna aliyemlinda.

"Mbona huondoki?" nikamwuliza.

"Nimeambiwa niko ndani," akasema.

Kosa lake lilikuwa kumwosha mke wa jirani aliyekufa kwa kutokwa damu wakati wa kujifungua. Kijiji kizima kilijua alikufa kwa damu. Mtendaji wa kata, kijana mnene wa heshima, mwenye miwani na sauti ya mtu anayependa kipaza sauti, alinieleza kwamba maiti yeyote hapaswi kuoshwa mpaka watu wa afya waje wathibitishe amekufa kwa nini. Watu wa afya walikuwa wawili kwa kata nzima na pikipiki moja, na siku ile pikipiki ilikuwa imekwama kwenye tope. Mama hakungoja. Mtoto mchanga alikuwa hai, baba yake analia, na mwanamke amelala kwenye damu yake. Mama alisema asingeweza kumwacha vile.

"Baba," mama alimwita mtendaji, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, "hiyo amri inakomea wapi?"

"Haikomei, bibi. Hii ni dharura."

"Kila kitu kina mwisho. Hata shamba lina mpaka."

"Hii imetoka juu," alisema, akainua kidole kuelekea dari, ambako popo walikuwa wametia doa kubwa.

Mjomba wangu alikuwepo. Huyu ni ndugu wa mama wa tumbo moja, mdogo wake, na kwa taratibu zetu mjomba ndiye mkubwa wa watoto wa dada yake. Yeye ndiye aliyepokea mahari yangu, yeye ndiye aliyesuluhisha nilipoachika. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, kazi aliyochaguliwa kwa kuwa hakuwa na adui. Muhuri wake aliufunga kwenye leso akaubeba kwenye mfuko wa shati, na shati zake zote zilikuwa na duara la wino wa bluu juu ya moyo. Mtendaji alimgeukia mbele yetu sote akamkaripia. Alimwambia kwamba mwenyekiti anayeshindwa kumdhibiti dada yake hatamdhibiti yeyote, na kwamba likitokea tena wataanza na yeye. Mjomba alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Alisema, "Nimeelewa, mheshimiwa." Nilimwonea huruma siku ile. Huruma hiyo imenikaa vibaya tangu hapo, kama chakula kilicholala.

Tulimtoa mama kabla ya magharibi kwa kuomba radhi. Tulipofika nyumbani akaosha ndoo, akaifunika, akaanza kuongea Kimwera peke yake jikoni, lugha aliyoihifadhi kwa hasira na kwa sala za shambani. Nilisikia neno la mlango likirudi mara kwa mara. Kilichomchoma ni kwamba alikaa kutwa nzima kwenye chumba kisichofungwa.

Nilitaka nimchukue twende mjini. Akakataa, palizi ya ufuta ilikuwa haijaisha. Nikarudi peke yangu.

Alianguka shambani, jembe mkononi. Mke wa mjomba ndiye aliyemwona, akapiga yowe, wakambeba kumrudisha nyumbani. Nesi wa zahanati alikuja kwa miguu na mvua yake, akampima, akasema ni presha, upande mmoja umepooza. Mpaka nilipopigiwa simu alikuwa bado anapumua. Nilipofika kwenye ule mti uliolazwa barabarani alikuwa amekwisha kufa, na mgambo ndiye aliyeniambia. Safari hii aliinua mti bila kuuliza.

Nilikuta kamba imezungushwa nyumba yetu. Ilikuwa kamba ya katani ya kufungia magunia, imefungwa kutoka mpapai mpaka nguzo ya choo, na majirani wamesimama nje yake na mvua. Mjomba alikuwa ndani ya kamba, amevaa buti za mpira. Nilimwamkia kwa mazoea, "Shikamoo mjomba," naye akajibu "Marahaba" kwa mazoea, kisha akaweka mkono mbele yangu.

"Usipite, mpwa wangu."

Nilimwambia naenda kumwosha mama. Nikamwambia sanda iko sandukuni, karafuu maiti iko sandukuni, maji nitachemsha mwenyewe, hata watu sihitaji, kama wanaogopa nitafanya peke yangu. Mjomba alisema amri hairuhusu. Nesi alikuwa bado pale, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, na alisema waziwazi, watu wote wakisikia, "Mwenyekiti, huyu mama hakuwa na kipindupindu. Nimempima mimi."

"Nimekusikia, nesi. Lakini amri ni amri. Kitongoji hiki hakuna maiti anayeoshwa."

Shehe naye akajaribu. Aliomba kama haiwezekani kuoshwa basi angalau atayamamishwe, apakwe vumbi safi usoni na mikononi, jambo la dakika chache. Mjomba alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatikisa kichwa. Nimeyafikiria machozi hayo mara nyingi. Kama angekuwa mkatili ningejua la kufanya, ningemtukana, ningemsukuma, ningepita. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa mjomba wangu aliyepokea mahari yangu, na sikulelewa kumsukuma. Ile kamba ningeweza kuivuka hata nikiwa na mimba ya miezi tisa. Sikuivuka.

Wakaja vijana wanne wa mgambo, wamefunga nyuso kwa vitambaa. Mmoja alibeba bomba la mgongoni la kupulizia mikorosho. Lilikuwa la mwenye shamba jirani, nililijua kwa kamba yake nyekundu, na walikuwa wamelijaza maji ya dawa. Kupitia dirishani nikaona wanampulizia mama, kutoka kichwani hadi miguuni, kama mkorosho ulioingiwa na ugonjwa wa ubwiri. Hakuna aliyemwambia kitu. Hakuna aliyesema naomba nikugeuze. Walimgeuza, wakamtia kwenye mfuko mzito wa plastiki, wakafunga. Wakampitisha mbele yangu kwenye machela ya matete, na harufu ya dawa ile ikapita naye. Mama alichukia harufu ya dawa. Msimu wa kupulizia mikorosho alikuwa akihamishia jiko upande wa pili wa nyumba.

Wanaume walimswalia kwa mbali, wakamzika kwenye mvua, wakarudi. Matanga hayakuwepo. Mimi nililala kwenye kitanda chake, juu ya sanduku lenye sanda, na nilichokisikia kifuani sina jina lake zuri. Ilikuwa hasira, nayo ilikuwa nyingi kuliko majonzi, na nilijichukia kwa kuwa na hasira wakati nilipaswa kuwa na majonzi.

Mvua zilikatika. Ugonjwa ukapungua, ukaisha. Watu walianza kukata ufuta na kuusimamisha mashambani ukauke, na tukatangaziwa kwamba mkuu wa wilaya anakuja kuzungumza na wananchi kwenye uwanja wa shule. Nilifunga kibaraza changu nikaenda. Nilivaa vizuri. Nilijishonea gauni jipya kwa ajili ya siku ile, kwa sababu nilitaka nikisimama asinione kama mtu wa kuhurumiwa.

Alikuwa mtu mzima, mpole kuliko nilivyotarajia, na alikuja na chupa yake ya maji. Alitushukuru kwa ushirikiano. Akasema hali ya dharura imekwisha rasmi, mikusanyiko iendelee kama kawaida, minada ifunguliwe. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, sijui kwa nini. Kisha akauliza kama kuna swali. Nikasimama.

Nilimwuliza kwa nini alikataza watu kuoshwa.

Aliomba nirudie. Nikarudia. Nikamweleza mama yangu alivyokufa na alivyozikwa, sikulia, na uwanjani walisikika kuku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mama, mimi sikukataza hilo. Nilikataza mambo mawili. Watu wasipike na kula kwenye mikusanyiko, na waliokufa kwa kipindupindu wazikwe chini ya usimamizi wa watu wa afya. Basi. Hayo mengine siyajui, na hata kama ningetaka, sidhani kama ningekuwa na mamlaka ya kukataza mtu aliyekufa kwa presha asioshwe na mwanawe." Akageuka kwenye viti vya nyuma yake. "Nani alisema hivyo?"

Sijawahi kuona wakubwa wakitazamana vile. Alimtazama afisa tarafa. Afisa tarafa akasema yeye alizuia mikusanyiko yote, kwa tahadhari, lakini habari za kuosha hakugusa. Akamtazama mtendaji wa kata. Mtendaji, yule yule wa kidole cha darini, akasema yeye aliagiza tu maiti wasubiri uthibitisho wa afya, kwa tahadhari, na kama nesi alithibitisha basi hakukuwa na tatizo. Naye akatazama chini, kwenye mabenchi ya wenyeviti wa vitongoji, na macho ya uwanja mzima yakamfuata mpaka yakafika kwenye duara la wino wa bluu.

Niliielewa ile amri pale pale. Ilitoka wilayani imekonda, maneno mawili. Kila mlango iliopita ililishwa, kila mmoja aliiongezea kidogo ili likitokea jambo asiambiwe alilegea, na ilipofika kwetu ilikuwa imenenepa mpaka haipiti mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inakomea wapi isipokuwa mama.

Mjomba alisimama. Leso yenye muhuri aliishika kwa mikono miwili.

"Nilidhani ndivyo mlivyotaka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakapaza, "Hatusikii!" Akajaribu tena. "Alikuwa dada yangu. Mheshimiwa mtendaji alishanionya kwa ajili yake. Ningemruhusu yeye, watu wangesema sheria ni ya wengine. Nikasema basi, kitongoji changu asioshwe mtu yeyote, nisije nikaonekana nampendelea."

Mkuu wa wilaya alivua kofia. Alinipa pole, na naamini aliitoa moyoni. Alisema litafuatiliwa. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwa na swali lingine, "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kumwosha?"

Akajibu, "Unaruhusiwa, mama," kabla hajafikiri. Kisha akafikiri, akakaa chini. Maji yakimwagika hayazoleki, alinong'ona bibi mmoja jirani yangu, akanivuta khanga nikae.

Litafuatiliwa hilo halikufuatiliwa, au kama lilifuatiliwa halijanifikia. Mkuu wa wilaya alihamishwa. Mtendaji bado yupo na amenenepa zaidi. Mjomba aliacha uenyekiti mwenyewe, akarudisha muhuri, lakini doa la wino halitoki kwa sabuni na aliendelea kuvaa shati zile zile. Nilipokwenda nyumbani nilipita mbele ya nyumba yake nikatoa shikamoo kutoka barabarani, bila kusimama. Heshima yake sikumpunguzia. Nilimnyima mengine yote.

Halafu mvua zikaja tena, na mke wake akafa. Hapakuwa na kipindupindu wala amri. Alikuwa mzee, alilala hakuamka. Nilikuwa nyumbani siku hiyo kwa ajili ya kupanda, na alfajiri nilisikia mtu anakohoa uani. Alikuwa mjomba, amelowa mpaka kifuani, kandambili mkononi. Tangu mama afe wanawake walikuwa wakinifuata mimi nikiwapo, kwa hiyo nilijua amekuja kwa nini kabla hajafungua kinywa. Nilimwacha asimame.

"Mpwa wangu," alisema, "nimekuja kukuomba."

"Ruhusa umeipata wapi?" nikamwuliza.

Niliona lilivyomwingia. Alishika nguzo ya kibaraza. Nilikuwa nimeliandaa swali lile tangu siku ya kamba, nililipiga msasa kila usiku, na nililitegemea sana. Nilipolitoa halikunipa raha niliyoitarajia. Nilimwona tu mzee mwenye baridi.

"Na sanda hatuna," akasema baadaye, kwa aibu. "Korongo limejaa, barabara ya mjini haipitiki. Vijana wamejaribu wamerudi."

Niliingia ndani nikakaa kitandani kwa muda. Chini yangu lilikuwa sanduku. Mke wa mjomba ndiye aliyemwona mama shambani akapiga yowe. Ndiye aliyenipikia uji siku zile nisizotaka kuona mtu, akauacha kizingitini bila kubisha, na kila mara aliita, "Wifi yangu angetaka ule." Nikalivuta sanduku. Bafta ilikuwa nyeupe bado. Panya hawakuingia.

Nilimwosha. Wanawake wawili walinishikia shuka, wa tatu akanimiminia maji. Nilimwomba mkono, nikamwomba bega, nikamwomba ruhusa ya kumgeuza, na wale watatu hawakucheka. Nilipofika miguuni nilishindwa kuendelea. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa palizi, vina udongo mwekundu ndani ya mipasuko, na mama alikuwa na visigino hivyo hivyo, na udongo huo alikwenda nao kaburini pamoja na dawa ya bomba. Nililia kwa sauti. Mmoja wa wanawake akasema, "Muda upo, pumzika." Nikapumzika, kisha nikaosha kila mpasuko kwa kidole mpaka maji yakatoka safi. Tukamvika vipande vitano.

Wanaume walipotoka makaburini, mjomba hakuingia barazani pamoja na wenzake. Alikuja uani nilipokuwa nasuuza ndoo ya mama. Alikuwa ameitambua sanda. Karafuu maiti ya mama ilikuwa na harufu kali, aliweka nyingi, na mtu aliyekulia nyumba moja naye asingeikosea.

"Umemvika ya dada," alisema.

"Ndiyo."

Alisimama akitazama maji yanavyoingia kwenye udongo. Kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu siku ya uwanja wa shule, na pengine tangu siku ya kamba. "Sasa umenisamehe?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nasema kweli, neno lilikuwa mdomoni, na lingekuwa neno dogo, na angeenda nalo kulala. Lakini nilikuwa nimetoka kumwomba maiti ruhusa ya kumgusa kidole. Niligeuza ndoo juu chini ikauke.

"Hilo sina mamlaka nalo, mjomba," nikamwambia. "Mwenye nalo mlimzika bila kumwomba."